Yesu Hakuwa Mlutheri

Nilikuwa na miaka tisa mara ya kwanza nilipochukiwa kwa sababu ya kuwa Myahudi. Usishangae. Mimi ni Mpare, tena wa milimani kabisa, wilaya ya Same, na kwa kabila langu nimezoea kutuhumiwa mambo mengine (ya ubahili na kupenda kesi, tuyaache hayo leo).

Ilikuwa Ijumaa Kuu. Babu yangu, aliyekuwa mwinjilisti wa mtaa wetu wa Kilutheri, ndiye aliyegawa sehemu za igizo la mateso. Vijana wakubwa wa kwaya wakapewa uaskari wa Kirumi. Sisi watoto tukafungwa khanga vichwani, tukabandikwa ndevu za katani, tukaambiwa: ninyi ni Wayahudi. Kazi yetu ilikuwa moja tu. Kila Pilato akiuliza swali, sisi tupige kelele kwamba asulubiwe. Na tulipiga kelele kwelikweli!

Ibada ilipokwisha, binti wa jirani, ambaye tulikuwa tunachota naye maji kila siku, alinifuata nje akanitemea mate kwenye zile ndevu. "Mmemuua Yesu," akasema, machozi yanamtoka. Watu wazima walicheka. Babu alicheka. Nami nilirudi nyumbani kifua mbele, nikiamini kwamba nimeigiza vizuri.

Kuna kitu sikukiona siku ile, na nimekaa karibu miaka ishirini bila kukiona. Yule kijana wa kwaya aliyeshika nyundo, yule askari wa Kirumi aliyepigilia misumari mbele ya macho yetu sote, hakuna aliyemtemea mate. Alikaa akala ubwabwa na maharage pamoja na wenzake, na wazee wakamsifu kwamba nyundo yake ilisikika hadi viti vya nyuma.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwaka huu vijana wa usharika wangu hapa Dar es Salaam waliniomba niandike igizo la Ijumaa Kuu. "Si wewe mwandishi wa habari? Utashindwaje?" Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Imenichukua miezi miwili, imenigombanisha na mzee mmoja wa kanisa, imenipeleka sinagogi, na mwisho imenilazimisha kumpigia simu Babu nimwambie jambo ambalo mjukuu hamwambii babu yake kirahisi.

Haya, twende polepole.

Sisi wa magazetini tunafundishwa maswali machache: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Nikaanza na la kwanza. Nani alimuua Yesu wa Nazareti? Msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi. Amri ilitoka kwa Pontio Pilato, gavana wa Kirumi, wakati wa Kaisari Tiberio. Injili zinasema kwamba wakuu wa makuhani wa Yerusalemu walimpeleka kwake, na sina sababu ya kulificha hilo. Lakini wakuu wa makuhani ni wakuu wa makuhani. Si taifa. Wayahudi wengi wa siku zile hawakuwa hata Yerusalemu, walikuwa Aleksandria, Babeli, Roma na kwingineko, wakihangaika na maisha yao kama mimi na wewe.

Mhariri wangu ana sheria moja. Ukimpelekea habari inayoanza na "Wapare wameiba ng'ombe", anakurudishia bila kusoma mstari wa pili. Wapare gani? Wangapi? Wana majina? Na chuoni mhadhiri wetu wa maadili ya uandishi alitusomesha kesi ya vyombo vya habari vya Rwanda, iliyotolewa hukumu Arusha, Desemba 2003. Watu watatu wa redio na gazeti walitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya yale yaliyosemwa na kuandikwa. Nilichobaki nacho katika somo lile ni hiki: kabla ya panga huwa kuna sentensi, na sentensi hiyo huanza na jina la kabila zima.

Sasa mimi, niliyefundishwa hivyo, nilikuwa karibu kuandika igizo ambalo mhusika wake mbaya anaitwa "Wayahudi". Wote. Bila majina.

Nikaenda kwenye Imani ya Mitume, ambayo naikiri kila Jumapili. Hebu hesabu mwenyewe. Ukimwacha Yesu, humo wametajwa binadamu wawili tu. Wa kwanza ni Mariamu, binti wa Kiyahudi aliyemzaa. Wa pili ni Pontio Pilato, Mrumi ambaye chini yake aliteswa. Basi. Kanisa lilipotaka kuisema imani yake kwa maneno machache kabisa, halikuona haja ya kuwataja Wayahudi kama wauaji. Sisi tuliwaongeza.

Baada ya hapo nikaamua nimfahamu vizuri mhusika mkuu kabla sijamwandikia neno lolote la kusema. Na ndugu msomaji, nilijiona mjinga. Miaka yote hii ya shule ya Jumapili, kipaimara, kwaya na umoja wa vijana, na bado mambo haya yalikuwa mbele ya macho yangu nikiyapita.

Chukua 1 Januari. Hesabu siku nane kuanzia 25 Desemba, ukiihesabu na hiyo yenyewe. Utafika 1 Januari. Katika kalenda ya zamani ya Kanisa, siku hiyo ilikuwa sikukuu ya kutahiriwa kwa Yesu, kwa sababu Luka 2:21 inaeleza kwamba alitahiriwa na kupewa jina siku ya nane. Yaani siku ambayo sisi tunaamka na uchovu wa mkesha na fataki, Kanisa liliitenga kumkumbuka mtoto wa Kiyahudi akitiwa alama ya agano la Abrahamu.

Chukua yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, akagusa pindo la vazi la Yesu. Mimi nilikuwa nafikiria pindo kama la suruali yangu. Kumbe neno la Kiyunani lililotumika katika Mathayo 9:20 ndilo lililotumika katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Hesabu 15, pale ambapo wana wa Israeli wanaagizwa kuweka vishada kwenye ncha za nguo zao ili wazikumbuke amri za Mungu. Yesu alivaa vishada! Sasa nenda kaitazame ile picha iliyotundikwa sebuleni kwa bibi yako, yule Yesu mwenye nywele za dhahabu na macho ya buluu. Hana hata kishada kimoja.

Chukua amri kuu. Katika Marko 12 aliyeuliza swali alikuwa mwandishi (ndugu yangu wa kazi, kwa namna fulani). Yesu hakubuni jibu. Alijibu kwa Kumbukumbu la Torati 6, maneno ambayo Wayahudi huyasema asubuhi na jioni hadi leo, wanayaita Shema. Halafu akaongeza Walawi 19:18, kuhusu kumpenda jirani. Mimi nilikua nikijua kwamba Agano la Kale ni ghadhabu na Agano Jipya ndilo upendo. Kumbe upendo kwa jirani umekaa katika Walawi, kitabu ambacho sijawahi kukisikia kikihubiriwa isipokuwa ule mstari wa zaka.

Hata midomo yetu inatusaliti. Amina, haleluya, hosana, sabato, yote ni Kiebrania. Pasaka ni Pesaki ya Wayahudi iliyopita katika lugha kadhaa hadi kutufikia. Mariamu ni jina la dada yake Musa. Yesu na Yoshua ni jina moja lililopita njia mbili. Na neno "kanisa" lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nao wamelitoa katika Kiaramu, lilikomaanisha mkutano. Kiarabu hadi leo huita sinagogi "kanis". Kwa hiyo Mswahili anayesema "naenda kanisani" anatumia neno ambalo ni ndugu wa damu na jina la nyumba ya ibada ya Wayahudi.

Hapa lazima nimtaje mjomba wangu, vinginevyo hatanisamehe. Upande wa mama yangu ni Wasabato, kama walivyo Wapare wengi tangu wamisionari wao wa Kijerumani walipofika milima yetu mwaka 1903. Mjomba akisoma mpaka hapa atapiga meza: "Si nilikuambia!" Ndiyo, Mjomba. Yesu aliitunza Sabato, na Luka 4:16 inasema ilikuwa desturi yake kwenda sinagogi siku hiyo. Hakuwa Mlutheri. Lakini hakuwa Msabato pia. Alikuwa Myahudi. Hayo mengine tutabishana Krismasi, kama kawaida yetu.

Nasema hivi kwa sababu mzizi wa Kiyahudi siku hizi una soko. Mwaka jana nilitumwa kuandika habari za mkutano mmoja wa maombi hapa mjini, kwenye kanisa ambalo sitalitaja. Mhubiri alijifunika shali ya sala ya Kiyahudi, ile wanayoiita talit. Akapuliza pembe ya kondoo dume, shofa, ili kuvunja madeni ya waumini. Baada ya hapo zikatolewa chupa ndogo za mafuta "kutoka Yerusalemu" na foleni ikapangwa. Dada aliyesimama mbele yangu alikuwa ameshika bahasha ya mshahara.

Nikarudi nyumbani nikasoma kuhusu pembe ile. Wayahudi huipuliza katika mwezi wa Eluli na katika mwaka wao mpya, Rosh Hashana, ambapo desturi iliyoenea ni milio 100, na tena mwisho wa siku ya upatanisho, Yom Kippur. Kazi yake ni kumwamsha mtu aliyelala katika dhambi zake ili atubu. Ukiipuliza ili mwenye nyumba asahau kodi yake, umechukua pembe na kuacha toba mezani.

Ni hivyo hivyo kwa makanisa yanayoandaa "karamu ya Pasaka ya Kiyahudi kama aliyokula Yesu". Nia inaweza kuwa njema. Lakini utaratibu wa mlo ule, kama Wayahudi wanavyouadhimisha leo, ulichukua sura yake baada ya Warumi kulibomoa Hekalu mwaka 70, wakati marabi walipokuwa wakiijenga upya imani yao bila madhabahu. Humo mna machozi yao wenyewe. Ungejisikiaje mgeni akiingia kwenye matanga yenu, akajifunza nyimbo zenu za msiba, kisha akaenda kuziimba kwake kama burudani ya jioni? Kutafuta mzizi si kuwa Myahudi wa bandia. Mitume wenyewe walilimaliza hilo katika Matendo 15: watu wa mataifa hawakulazimishwa kutahiriwa ili waokoke.

Basi mzizi ni nini? Jibu nilianza kulipata Nairobi.

Nilikuwa na mafunzo ya siku tano kule, nikaandika barua pepe mapema kuomba ruhusa ya kuhudhuria ibada ya Ijumaa jioni kwenye sinagogi la mji ule. Jumuiya hiyo ipo tangu 1904. Huo ndio wakati ambapo Waingereza walikuwa wamependekeza kuwapa Wayahudi ardhi Uasin Gishu, Kenya ya leo, ule mpango ambao kwa makosa uliitwa wa Uganda, na ambao mkutano wa Wazayuni uliukataa mwaka 1905. Kwa hiyo si wageni wa jana katika ukanda huu.

Nilikaguliwa getini. Nikapewa kofia ndogo ya kichwani na kitabu chenye Kiebrania upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Nikakaa nyuma kabisa, natetemeka kidogo. Wakaanza kuimba. Nikatazama tafsiri: Zaburi ya 95. Ikafuata ya 96. Kisha 97, 98, 99. Baadaye ya 92. Sikujua neno hata moja walilokuwa wakilitamka, lakini Zaburi zote zile nilikuwa nazijua, maana Babu alizisoma kwa taa ya chemli jioni nyumbani kwetu. Ilikuwa kama kuingia nyumba ya mtu usiyemfahamu ukakuta picha ya bibi yako ukutani.

Baada ya ibada waliubariki mvinyo na mkate, nami nikakaribishwa. Mzee aliyekuwa kando yangu akaniuliza nimefuata nini. Nikamjibu kwa fahari, "Natafuta mizizi ya imani yangu, Mzee." Akatabasamu. "Wengi wanakuja hivyo," akasema. "Lakini mizizi huwa chini ya udongo, kijana. Sisi tupo hai. Tunalipa bili za umeme kama ninyi."

Sikulala vizuri usiku ule. Alikuwa amenishika pabaya. Nilikuwa nimekwenda kuwatafuta Wayahudi wa mwaka 30 na kuwapita wa leo waliokaa kando yangu. Kama wapo hai, basi wana historia ya miaka karibu elfu mbili ya kuishi jirani na sisi Wakristo. Tumewatendea nini?

Hapa ndipo Mlutheri huyu alipoumia. Mwaka 1523 Martin Luther aliandika kijitabu kizuri chenye hoja kwamba Yesu Kristo alizaliwa Myahudi, akawataka Wakristo wawatendee Wayahudi kwa wema. Miaka 20 baadaye, 1543, akiwa ameona kwamba hawaongoki, aliandika kitabu kingine. Humo alishauri masinagogi yachomwe moto, nyumba za Wayahudi zibomolewe, vitabu vyao vya sala vichukuliwe. Mtu yule yule. Nimeikariri Katekisimu yake Ndogo neno kwa neno, na hakuna mtu aliyewahi kunitajia mwaka 1543.

Usiku wa kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi yaliteketezwa kote Ujerumani. Tarehe 10 Novemba ni siku ya kuzaliwa kwa Luther, na askofu mmoja wa Kilutheri wa Thüringen, Martin Sasse, alitoa kijitabu kushangilia kwamba yameungua siku hiyo. Mwaka uliofuata, katika mji wa Eisenach, wanatheolojia walifungua taasisi ya kuondoa kila dalili ya Uyahudi katika maisha ya kanisa. Mkuu wake wa kitaaluma, Profesa Walter Grundmann, alifundisha kwamba Yesu hakuwa Myahudi. Walichapisha Agano Jipya lililochujwa, na kitabu cha nyimbo kilichofutwa maneno ya Kiebrania. Haleluya nayo ikafutwa. Na wakati wao wakifuta maneno kwenye karatasi, serikali yao ilikuwa inawafuta watu wenyewe: Wayahudi milioni sita.

Hawa hawakuwa wapagani. Walikuwa maprofesa, wachungaji, watu wa kwaya. Waliianza safari ile pale pale nilipoianzia mimi na ndevu zangu za katani: Yesu ni wetu, Wayahudi ni wale.

Nitende haki pia. Kanisa Katoliki lilikataa rasmi mwaka 1965, katika tamko la Nostra Aetate, kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo cha Kristo, na mwaka 1986 Papa Yohane Paulo II aliingia sinagogi la Roma. Walutheri wa Marekani waliyakana hadharani maandishi yale ya Luther mwaka 1994. Kwa hiyo kazi imeanza. Ila habari hazijafika kwenye igizo letu la Ijumaa Kuu.

Najua swali lako, maana rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja kazini, Mwislamu wa Tanga, aliniuliza siku ile ile niliyorudi: "Kwa hiyo sasa umekuwa Mzayuni?" Hapana. Wapo Wakristo hapa mjini wanaotundika bendera ya Israeli madhabahuni wakidhani ndiyo mizizi. Serikali ni serikali, ina mawaziri na jeshi, na inahojiwa kama serikali nyingine yoyote. Vita vilivyozuka Oktoba 2023 vilianza kwa mauaji ambayo yaliwachukua hata vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wamekwenda kujifunza kilimo, na vikaua maelfu kwa maelfu ya watu wa Gaza, wakiwamo watoto wengi. Bethlehemu wapo Walutheri wenzangu ambao ni Wapalestina. Kujua kwamba Yesu ni Myahudi hakunipi ruhusa ya kufumba macho mbele ya mtoto wa Gaza. Na kilio cha Gaza hakinipi ruhusa ya kumchukia yule mzee wa Nairobi aliyenimegea mkate. Rafiki yangu akafikiri kidogo, akasema, "Hapo tunaelewana." Tukaenda kunywa chai.

Tukirudi kwenye igizo. Rasimu yangu ilikuwa na jambo moja tu la ajabu: khanga. Niliagiza kwamba Yesu, Mariamu, Petro, Kayafa, wanawake wanaolia njiani, Yusufu wa Arimathaya na watu wote wa umati wafungwe khanga za aina moja. Warumi peke yao ndio wavae tofauti. Mtazamaji aone kwa macho kwamba huu ni ugomvi wa ndani ya nyumba moja, na kwamba mwenye nyundo katoka nje. Simoni Mkirene, mtu wa Libya ya leo, naye nikampa khanga ile ile, maana Kirene kulikuwa na Wayahudi wengi na huenda alikuja kwa ajili ya Pasaka.

Nikaondoa pia neno "Mafarisayo" mahali pote tulipolitumia kama tusi. Unajua tunavyosema mtaani, "acha ufarisayo wako", tukimaanisha unafiki. Yesu aligombana nao, ni kweli, na kwa maneno makali. Lakini ni Mafarisayo waliomwonya kwamba Herode anataka kumuua, Luka 13:31. Ni Farisayo Gamalieli aliyewatetea mitume barazani. Na Paulo, katika Matendo 23, anasema kwamba yeye ni Farisayo.

Kikao cha kupitia rasimu kilikuwa kirefu. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, alifungua Mathayo 27:25, pale umati unapojitwisha damu yake, wao na watoto wao. "Kijana wangu, unataka kuirekebisha Biblia?" Nikamjibu, "Hapana, Mzee. Mstari ubaki. Lakini waliousema ni watu waliokuwa uani kwa Pilato asubuhi ile, si mtoto wa Kiyahudi aliyezaliwa jana. Na Yesu msalabani aliwaombea msamaha. Kama sala ile haikusikika kwa ajili yao, mimi na wewe tunaitegemea vipi?" Hakunijibu. Hakukubali pia. Tukafika mahali pa kati: kelele za umati zibaki kama zilivyoandikwa, khanga zangu nazo zibaki. Igizo likachezwa hivyo. Sikupata vyote nilivyotaka.

Wiki iliyofuata nikampigia Babu. Sasa ana miaka 84, macho yamefifia, anasomewa Biblia na wajukuu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo huko mjini?"

Nikamweleza yote. Ndevu za katani, mate, Nairobi, Luther. Nilijitahidi kutomlaumu, lakini yeye si mtoto, alielewa. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. "Nilifundisha nilivyofundishwa," akasema mwishoni, akaniaga.

Nikajua nimemuumiza. Siku mbili sikuweza hata kuandika habari ya maana. Siku ya tatu akapiga mwenyewe.

"Nimesomewa Warumi 11 yote, mara mbili. Ule mzeituni. Sisi ndio tawi la mwitu lililopandikizwa?"

"Ndiyo, Babu."

"Na tawi lisijisifu mbele ya yale matawi mengine, maana si lenyewe linalolichukua shina."

"Ndivyo Paulo anavyosema, Babu."

Akanyamaza tena. Halafu akauliza, "Yule binti aliyekutemea mate, siku hizi yuko wapi?"

"Ni mwalimu, Babu. Yuko Same."

"Mwambie halikuwa kosa lake. Lilikuwa langu."

Sijampigia bado. Lakini najua huwa anapita hapa kusoma, basi, Mwalimu, salamu zako ndizo hizo kutoka kwa Babu. Na zile ndevu nilikusamehe siku ile ile.

Kwa wengine wote: igizo la mwakani linaandikwa na nani kwenye usharika wako, au parokia yako? Mtafute mapema. Mwambie kuhusu khanga.

Naomba kutoa hoja.